Keki ya Buluu

Harusi ya dada yangu pale Temeke ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu kuwa na keki. Mjomba wetu, aliyekuwa mpishi kwa Mzungu, ndiye aliyeioka na kuipaka sukari ya unga iliyopigwa na ute wa mayai. Bahati mbaya kiini kimoja kilimponyoka, sukari ikatoka ya manjano.

“Kaka, mbona keki kama ina homa?” mama akauliza.

Mjomba akakumbuka kuwa mke wa Mzungu wake hutia tone la buluu ya kufulia ili sukari ing’ae kwa weupe. Yeye akatia kidonge kizima. Keki ikawa buluu tupu.

“Ndio mtindo wa Ulaya,” akawatangazia wageni, hapepesi macho.

Basi tukala. Mama mkwe wa dada alipocheka, meno yote buluu. Shangazi akamnong’oneza, “Mkwe, jifute mdomo.”

“Anza wewe,” akajibiwa.

Mie nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Wiki iliyofuata jirani yetu, aliyekuwa anaoza binti, alimfuata mjomba. “Nataka ileile ya buluu,” alisema. “Nyeupe wanazo hata watu wa Ilala.”