Bi Kitana na Upepo wa Kusingiziwa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Kitana, msusi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki na vidole vilivyokuwa vikisuka mistari myembamba huku mwenyewe akigombana na wateja watatu kwa mpigo. Vilivyokuwa, nasema, maana viwili vya mkono wa kulia sasa havikunjiki.

Jumapili moja mchana, saluni ikiwa imefungwa, alirudi kuchukua mwavuli akamkuta ndani fundi viti, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, amekumbatia mashine ya kukaushia nywele. Jirani huyohuyo aliyekuwa akinywa chai yake kila asubuhi bila hata kusuuza kikombe! Fundi akampiga kikumbo, akatoka mbio. Bi Kitana alipoishika fremu amfuate, mlango wa chuma ukabamizwa juu ya vidole vyake.

Alipokamatwa, fundi alikiri wizi. Kuhusu mlango alisema ni upepo. Na mtaa mzima, kwa kupenda amani ya bure, ukaushika upepo huohuo. "Pole, Bi Kitana. Upepo nao!" Kila aliposikia hivyo alitamani kummwagia mtu beseni la maji ya povu. Mashine ilikwisha kurudishwa, wala haikuwa hiyo iliyomkosesha usingizi. Alitaka mtu mmoja tu amwambie kama aliviona vidole vyake au hakuviona.

Ndiyo maana alikubali mahakama ilipowapeleka kwenye suluhu. Chumba kilikuwa kidogo, feni ikizunguka kwa kulalamika, viti vya plastiki vimepangwa duara. Upande mmoja alikaa fundi na baba yake mdogo, upande wa pili Bi Kitana na mdogo wake wa kiume, na katikati yao msuluhishi, binti mpole mwenye miwani. Baba mdogo, ndani ya koti lililopigwa pasi vizuri, akasimama na kukohoa kidogo.

"Mama yetu, kijana wetu ameteleza. Siku ile shetani alikuwepo, na upepo ulikuwepo. Kwa niaba ya familia..."

"Ameteleza wapi?" Bi Kitana akamkata. "Sakafu yangu ilikuwa kavu."

Mdogo wake akamfinya. "Dada, mzee wa watu anaomba radhi. Sema umesamehe, yaishe, twende zetu nyumbani."

"Yaishe kwa nani? Wewe ngumi unakunja vizuri tu." Akamgeukia msuluhishi. "Mwanangu, huyu mzee hajanikosea kitu, sina la kumsamehe. Aliyenibamizia mlango yule pale, anakagua vigae. Ana mdomo. Chai yangu aliinywa kwa mdomo huohuo."

Msuluhishi alijizuia asicheke, kisha akamwomba mzee akae. Mzee alikaa shingo upande.

Fundi akainua uso. "Dada, samahani kwa yaliyotokea."

"Hayakutokea. Uliyafanya."

"Samahani kwa... niliyoyafanya. Kuchukua ile mashine."

"Mashine ninayo. Nauliza mlango." Akaunyoosha mkono mbele yake, vile vidole viwili vimesimama kama vya mwanafunzi anayeomba ruhusa. "Uliviona?"

Mdogo wake akaanza tena, "Dada, jamani," akaambiwa anyamaze, akanyamaza.

"Niliviona," fundi alisema. "Niliona umeshika fremu. Nikaogopa utanifuata unapiga kelele. Nikauvuta mlango kwa nguvu zangu zote. Hapakuwa na upepo."

Baba mdogo akaguna kana kwamba yeye ndiye aliyebanwa. Bi Kitana alilia. Alilia waziwazi, kwa hasira na kwa nafuu, wala hakujisumbua kufuta uso. Tangu siku ile watu walikuwa wakimhurumia kama mtu mwenye mkosi, na sasa hatimaye mkosi ulikuwa na mwenyewe.

"Dada," fundi aliuliza kwa sauti ya chini, "utanisamehe?"

Wote wakamtazama yeye, hata binti wa miwani.

"Sijui." Bi Kitana alisimama, akatia mkoba kwapani. "Njoo saluni kesho, wateja wakiwa wamejaa. Kwanza waeleze habari za mlango kama ulivyotueleza hapa. Halafu uniulize tena."

"Na ukikataa?"

"Utakuja na keshokutwa."