Dume Namba Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Njombe, Meneja wa mradi wa ng'ombe wa maziwa aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikasema najua. Akafunua kitambaa mezani. Chini yake kompyuta ya wafadhili. "Basi wewe ndiye mtaalamu wetu." Vijana wa leo mnasomea shahada. Mimi nilifunuliwa kitambaa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba na redio vinaingia kila siku, nasi tunakopesha mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa: unapewa mmoja, ndama jike wa kwanza unampa jirani. Nikatengeneza jedwali moja, yaani mistari na safu ndani ya kompyuta, kila ng'ombe nikamtambua kwa jina. Kosa! Wabena wenzangu, ng'ombe akihamia kwako si unambatiza upya? Neema wa Jumatatu, Ijumaa anaitwa Sikujua.

Nikahamishiwa Makambako. Si mbali, lakini mpenda nyumbani mimi niliaga kama naenda Ulaya, mto wa kulalia kwapani. Huko nikasuka kazi upya. Jedwali mama likawa la ng'ombe, kila mmoja na namba ya hereni ya sikioni. Majedwali ya uzazi, matibabu na kaya yote yakabeba namba ileile. Namba ikikaa jedwali lisilo lake huitwa ufunguo mgeni: mgeni, ila kwao kunajulikana. Kwenye uzazi niliweka wageni watatu, ndama, mama na baba, wote kwao ni jedwali lile moja. Asubuhi nilipomaliza, nilifurahi hadi nikapiga meza!

Asubuhi hiyohiyo nikajaribu kwa mtamba wa Mama Sifa, mjane aliyekuwa akiletewa dume la kituo chetu siku hiyo, limpande mtamba wake. Baba wa mtamba, daftarini Simba wa Njombe: 17. Dume la kituo, Waziri: 17. Kumbe Waziri ndiye yuleyule Simba, kahamia huku akabatizwa upya! Anapelekwa kwa binti yake!

Nikatoka mbio, mimi ambaye hata basi huliacha liende, nikapenya kati ya malori ya mahindi. Bandani nikamkuta Bwana Mifugo, mkuu wangu, kashika kamba ya dume.

"Msimpandishe mtamba! Huyo ni baba yake!"

Mama Sifa akacheka, akanisalimu kwa Kibena. "Kamwene, baba. Umeleta barua ya posa?"

"Ndama akizaliwa dhaifu, mama, jirani utampa nini?"

Kicheko kikamkauka.

"Daftari linasema baba ni Simba," akasema Bwana Mifugo. "Huyu ni Waziri."

"Soma sikio, mkuu."

Akafuta tope kwa kidole gumba. Akasoma, akarudia. "Kumi na saba. Mrudisheni. Na wewe, kaa chini upumue, usije ukatufia hapa."

Wiki tatu za kusubiri dume jingine, Mama Sifa alinitania kila akipita ofisini: "Umemnyima binti yangu mchumba!" Miezi tisa baada ya dume hilo kufika, ndama alizaliwa jike, mzito, akasimama hata hatujamaliza kumfuta.

Nimestaafu, nipo nyumbani Njombe, nilikotaka kuwa tangu mwanzo. Mkiniuliza jedwali zuri likoje, namuona Mama Sifa akimkabidhi jirani kamba ya yule ndama, macho yamemlowa, akimwonya: "Mpe jina ulitakalo. Sikio lake usiliguse."