Mlango wa Mzee Sabiri Ulivyokonda

Watu wanakonda. Ng'ombe wanakonda. Hata sabuni ya bwenini inakonda, hasa ukiiacha karibu na rafiki yangu Anjela.

Lakini mlango?

Wandugu, niliuona kwa macho yangu, hapahapa Tanga mjini, Mabawa.

Jumatatu, mlango wa chumbani kwa Mzee Sabiri ulikuwa na upana wa sentimita sabini. Alhamisi, mlango uleule, fremu ileile: sitini na mbili.

Kwanza mnijue. Naitwa Brightness. Nimemaliza kidato cha nne shule ya bweni, nikaondoka na cheti cha tabia ambacho mwalimu alikiandika huku anahema. Nyumbani ni Amani, juu milimani, ila kwa sasa nakaa mjini kwa mjomba Wilfred, fundi wa vifaa vya wazee: vishikizo vya chooni, njia za mteremko, viti vya magurudumu. Yeye anafunga. Mimi natangulia kupima.

Msidhani ni kazi ya kukaa. Kutwa nzima nimepiga magoti kwenye sakafu za watu. Napima vizingiti, napima vyoo, napima vitanda, joto linanichemsha. Jioni nalala na futi kamba mkononi kama askari aliyefia vitani.

Alhamisi hiyo nilirudi kuhakikisha tu, kabla kiti cha magurudumu hakijaletwa.

Mzee Sabiri amepooza upande wa kushoto. Anayemwinua, kumwogesha na kumgeuza ni mkewe, Bi Nasma, peke yake. Na Bi Nasma mwenyewe anatembea ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni.

Mtoto wao, Badru, alishatoa tamko. Kiti kikipita mlangoni, wazee watabaki Mabawa. Kisipopita, wanahamia kwake Usagara, kwenye milango mipana na vijana wa kubeba.

Bi Nasma hataki hata kuisikia Usagara.

"Shikamoo, Bi Nasma."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena? Ati kiti hakipiti?"

"Kinapita, bibi. Nahakikisha tu."

"Alhamdulillahi. Mie nyumba hii niliingia bibi harusi. Leo nikawe mgeni kwa mkwe, niombe ruhusa ya kuchemsha maji? Hata!"

Akaenda zake uani. Nikapima.

Sitini na mbili.

Nikafuta jasho, nikapima tena. Sitini na mbili. Na kiti kina sitini na sita.

Mzee alikuwa kitandani, kando ya mlango, ananitazama tu.

Nikachungulia kwenye bawaba. Hapo ndipo mtaalamu ndani yangu alipoamka.

Mlango ulikuwa haufunguki wote. Kwenye upenyo wa bawaba kulikuwa na kitambaa, kimesokotwa na kushindiliwa hadi ndani. Mimi nilishamfanyia matron jambo hilohilo kwa soksi, akawa anaingia ofisini kwake kwa ubavu. Kazi nzuri nikiiona, naiheshimu.

Nikakichomoa. Kipande cha kanga.

Katika nyumba hiyo anayetembea ni mmoja, na kanga zote ni zake. Nikaelewa: Bi Nasma amechoka, aibu inamzuia kusema, ameamua mlango umsemee.

Nikamfuata uani.

"Bibi, siri yako nimeiona. Ukitaka nakirudisha, sitasema kitu."

"Siri gani?"

Nikamwonyesha.

"Hee! Si ndicho ninachomfutia mzee mdomo? Tangu juzi nakitafuta!"

Tukatazamana.

Kisha wote wawili tukageuka, tukatazama chumbani.

Mkono wa kulia wa Mzee Sabiri ni mzima. Na bawaba iko karibu na mto wake, anaifikia bila kuinuka. Ile Jumatatu tuliongea juu ya kichwa chake, mimi, Badru na Bi Nasma. Kiti, mlango, Usagara. Hakuna aliyemuuliza neno. Tulimpima kama kabati.

Bi Nasma akaingia, mimi nyuma yake.

"Baba Badru! Ni wewe?"

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Maneno yake hutoka polepole.

"Mtoto huyu... mtundu. Nilidhani hataona."

"Unataka kunitoa nyumbani kwangu?"

"Unaugulia mgongo usiku. Wadhani nimelala."

"Nimekwambia nimechoka mimi?"

"Hujasema. Ungesema... nisingehangaika na mlango."

Bi Nasma akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimechoka, mume wangu," akasema. "Wallahi, nimechoka."

Aliisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetua ndoo kichwani. Mimi nikajifanya nasoma namba za futi kamba.

Kisha akainuka, akaninyang'anya kile kitambaa, akakisokota vizuri kuliko mumewe, akakishindilia kwenye bawaba kwa dole gumba.

"Haya. Pima, mwanangu."

Nikapima.

Sitini na moja.

Nikampigia Badru.

"Kaka, kiti hakipiti."

"Si ulisema kinapita?"

"Mlango umekonda."

"Na mama anasemaje?"

"Ndiye aliyenishikia mlango."

"Basi Jumamosi naja na gari."

Sasa funzo, na mlipokee mmesimama. Ukienda kumpima mgonjwa, mpime na mgongo wa anayemwinua. Na kabla hujafungua futi kamba, muulize aliyelala kitandani anataka nini.

Maana anaweza kuwa ndiye mtundu kuliko wote humo ndani, na kwa mambo ya utundu, mimi ni mtu wa kuthibitisha.