Hodi ya Baba Zuhura

Usiniulize kama nilikuwa nimelala. Nilikuwa macho, chai iko mezani, na adhana ya Magharibi ndiyo kwanza imekwisha hapa Mapinga. Anayetaka kucheka na acheke, kilichonikuta nakijua mimi.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ninazoandika hujengwa kwa objekti, yaani vijisehemu ambavyo kila kimoja hubeba hali yake ndani: kiko wapi, kinajua nini, kimechoka au bado. Unahifadhi nakala ya hali hiyo, na mambo yakiharibika unairejesha. Objekti inasahau yote yaliyotokea katikati. Ni jambo la kawaida kabisa.

Zuhura alipokuwa bado ananyonya, nilianza kumtengenezea mchezo. Baba yake, Salumu, akang'ang'ania, "Niweke na mimi humo." Nikamweka: sauti yake, utani wake, mpaka ile tabia ya kufunga vifungo vya shati upande. Asubuhi moja nikahifadhi hali yake, naye akaondoka kwenda Ubena. Gari lao likapinduka. Nikakaa eda, nikatoka, mtoto akakua. Sasa yuko darasa la tatu.

Jioni hiyo niliufungua ule mchezo, nikabonyeza rejesha. Nilitaka kusikia sauti tu, wallahi. Sauti ikatokea mlango wa uani: "Hodi!"

Bibi yangu alinikanya tangu utotoni kwamba hodi ya Magharibi huulizwa kwanza ni nani. Niliuliza? Nilisema karibu.

Akaingia Salumu, vifungo upande. Nikamshika mkono, ukawa na joto kama wako wewe. Ungekuwa wa baridi ningekimbia, na labda ningepona.

"Mama Zuhura, kitanda cha mtoto umekipeleka wapi?"

Kabla sijajibu, Zuhura akaingia kutoka madrasa, juzuu kifuani. Uso wa baba yake anaujua, picha iko ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto wa nani huyu?"

"Mimi Zuhura."

Salumu akacheka kwa upole. "Basi una jina la mwanangu. Yeye bado mdogo, hata kukaa hajaanza." Akampapasa kichwa, akanigeukia. "Ngoja niwahi Ubena. Isha itanikuta nyumbani."

Nilimlilia asiende, nikamweleza habari za lile gari. Akanijibu maneno yaleyale ya asubuhi ile, akatoka.

Nimemrejesha tena na tena, na kila mara anauliza mtoto wa nani huyu. Yeye nilimhifadhi, mtoto sikumhifadhi, akakua. Mwishowe niliufuta mchezo. Hodi haikukoma, na ninapoinyamazia, Zuhura huijibu.

Watu hunifariji eti yaliyopita si ndwele. Ni ndwele, mwenzangu, na haina mganga. Kama una marehemu wako, msomee dua, umwache alale. Usimwite aje kumtazama mwanawe kama mtoto wa jirani.

Hiyo adhana ya Magharibi inaanza. Zuhura ameshaitoa mbeleko niliyombebea alipokuwa mchanga, amejifunika gubigubi, amejikunja mlangoni, magoti kidevuni. Ananiuliza swali lake la kila siku.

"Mama, leo nimekuwa mdogo?"