Upande wa Katikati

Wavu mpya wa waya hunuka mafuta ya mashine, na harufu hiyo ndiyo iliyotawala nyumbani kwetu Didia kiangazi kile cha miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa darasa la saba. Fisi walikuwa wamezidi. Baba na jirani yetu, Baba Limi, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita, wakaamua kuzungushia wavu mazizi yao ya mbuzi, mawili yaliyolingana na kupakana. Hawakuwa na futi. Walichukua kamba, wakalizunguka zizi letu, kisha lake. Baba akauza beberu kuchangia, na Baba Limi akaenda na kamba mjini kununua wavu.

Kazi ilipokwisha, Baba aliona kipande kikubwa cha wavu nyuma ya nyumba ya Baba Limi, kimefunikwa kwa mabua. “Kimebaki,” jirani alisema.

“Kibaki vipi, na tulipima wenyewe?” Baba aliuliza, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo alikagua nguzo zetu kila alfajiri, akiamini tumepunjwa mahali. Mama aliacha kuwapelekea maziwa. Hata mimi nilianza kumfichia daftari Limi, mtoto wake, niliyekaa naye dawati moja.

Shuleni tulikuwa tukitafuta mzingo kwa herufi. Sikuziamini: utajumlishaje usichokijua? Lakini mwalimu alipochora mistatili miwili iliyogusana, nilishtuka. Urefu x, upana y. Kila mmoja 2x + 2y, yote miwili 4x + 4y. Lakini upande wa pamoja, y, ni mmoja tu, kwa hiyo wavu unaohitajika ni 4x + 3y. Inabaki y.

Nilimchorea Baba kwa kijiti uani. “Upande wa katikati mliupima mara mbili.”

Alinitazama. “Mayu,” akaniita mama kwa Kisukuma, “huyo mwalimu wako anajuana na Baba Limi?”

Hata hivyo alichukua kamba, tukaenda kwa jirani. Kipande kililingana kabisa na upande ule.

“Na mabua ya nini?” Baba alimuuliza Baba Limi.

“Watoto wasijichome. Nilingoja unisalimie, tugawane.”

Waligawana, na maziwa yakarudi. Lakini Baba hakuacha kukagua nguzo.

Siku hizi naishi Katoro. Kati ya nyumba yangu na ya jirani kuna kuta mbili za matofali, wake na wangu, na mkono haupiti katikati. Tulijenga mwaka uleule. Sijui jina lake.