Nukta za Kijani kwenye Damu ya Léonard

Ungefanya nini kama mwenye shimo la madini aliyemuua shemeji yako kwa kazi angesema mbele ya kijiji kizima kwamba dada yako ndiye aliyempa sumu?

Mimi nilitaka kumpiga. Dada yangu Annonciata alirudi shuleni.

Mume wake, Mbusa, alichimba koltani, mchanga mweusi wa madini, miaka tisa karibu na Ntoto. Damu yake ikaharibika, akafa. Kwenye matanga, Léonard, mwenye shimo, alisema: "Ni sumu ya karuho. Muulize muke wake alimulisha nini." Tangu siku ile wanawake waliacha kumsalimia dada yangu.

Miaka sita baadaye alirudi kutoka Goma akiwa mtafiti wa maabara. Alichukua damu ya wachimbaji ishirini, na ya wakulima ishirini wasiowahi kugusa mchanga ule mweusi. Léonard akakunja mkono wa shati, akicheka.

"Chukua na yangu, mama karuho. Utaisoma mbele ya watu wote. Mimi siingiaka mu shimo."

"Nitaisoma, Papa Léonard."

Kule Goma alizitia seli rangi mbili, akaziangalia kwa hadubini ambayo mwanga wake hufanya rangi hizo zing'ae. ADN, nyuzi za urithi ndani ya seli, iling'aa buluu. Protini inayokimbilia mahali ADN imekatika iling'aa kijani. Kila nukta ya kijani, jeraha, kama yale yanayoachwa na mionzi ya mchanga ule.

Jumapili, baada ya misa, alibandika picha kwenye ukumbi wa parokia. Wakulima: nukta moja, mbili. Wachimbaji: saba, tisa. Seli ya mwisho ilikuwa na ishirini na tatu.

"Hii iko ya nani?" akauliza Mama Sidonie, mke wa Léonard.

"Ya bwana yako."

"Bongo! Uongo mtupu!" Léonard akafoka. "Mimi sichimbi!"

"Mifuko ya koltani unaificha wapi, Papa, wezi wasiione?"

Ntoto nzima ilijua: chini ya kitanda, kama wenye mashimo wote. Mama Sidonie akashika mdomo. Naye alilala juu ya kitanda hicho.

"Basi tuambie," Annonciata akasema, "nani alikulisha karuho? Kwangu haujakula hata siku moja."

Léonard akauliza kama atapona. Annonciata akaanza kubandua picha. Dada aliniambia baadaye kwamba nukta haziwezi kusema hilo, lakini hakuona sababu ya kumtuliza. Mimi pia sikuiona.

Kesho yake asubuhi mvua ilinyesha. Léonard alikuwa akiburuta mifuko barabarani peke yake. Wabebaji wake walikataa kuigusa. Mlangoni kwa dada yangu, Mama Sidonie na wanawake kumi na mmoja walisimama wakiwa wamekunja mikono ya nguo, wakiomba kupimwa damu. Annonciata aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, akarudi ndani, akawaacha wanyeshewe mpaka alipomaliza chai yake.