Plastiki Juu ya Miwani ya Profesa

Mpaka leo nikipita mbele ya chuo chetu hapa Baraka ninaona haya, lakini acha niwaelezee mi mwenyewe, barafiki, maana bengine banaongezaga chumvi. Siku ile nilikuwa ninatetea memware yangu ya kumaliza masomo ya fizikia (memware ndiyo kile kitabu, na kitabu chenyewe kilisema juu ya memware ya kompyuta, ile ya kushika habari, inayotengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kupakwa juu ya kioo, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu). Mama alitoka Mboko na bamama bane ba korali ya kanisa, na alikuwa amebaambia kwamba mutoto wake anatengeneza dawa ya kukumbuka.

Mashine ya kweli hatuna, basi nilichukua mota ya vantilateri, ile feni ya upepo, nikaweka kioo juu yake, nikatonesha plastiki ya kuonyesha tu, ile nyeupe ya kufungia televizyo, niliyoyeyusha katika esansi ya gari na kutia rangi ya bulu: kioo kikizunguka, ile maji inajitandaza yenyewe. Nyumbani nilikuwa ninafunika yote na ndoo. Pale nikaona ndoo itaziba bantu macho, nikaitoa.

Nikawasha. Vuuu, na kioo hakikuwapo tena. Nikainama chini ya meza kukitafuta huku ninaendelea kueleza (sijui nini), na nilipoinuka profesa, mukubwa wa juri ya kunipima, alikuwa na bulu kutoka tai mpaka miwani, karatasi zake zimeshikana, na mama mumoja wa korali akaniuliza kwa upole kama dawa ni ya kunywa ao ya kupakaa. Kichwa kilikuwa kimechanganyikiwa, nikajibu, "Ya kupakaa, mama." Akagusa bulu iliyoanguka mezani, akajipakaa kwenye paji la uso.

Profesa akavua miwani. "Kioo iko wapi?"

"Prof, mi sijui."

Kilikuwa kimenasa kwenye pazia, nyuma yake. Akaniuliza kama hakuna njia ingine isiyotaka mota. Basi akafungua kitabu changu mwenyewe, akaweka kidole kwenye ukurasa nilioandika kwa mukono wangu.

"Soma."

Iliandikwa: kuchovya. Nikachukua kioo kingine, nikakizamisha ndani ya kopo la ile plastiki ya bulu, nikakivuta polepole, na kikatoka na bulu laini, sawasawa kila upande. Profesa akakiinua kwenye dirisha, akakitazama muda murefu, halafu akaandika. Nilipita, lakini kwa shida.

Toka siku ile niliapa: kazi yangu nitaionyesha bantu vile ninaifanyaga nikiwa peke yangu, hata kama haipendezi macho.